Ingekuwaje kama Hitler angeshinda?

Swali la "ingekuwaje kama" tunaliuliza kila siku vijiweni, kuanzia mpira mpaka siasa. Kuliandikia riwaya nzima ni shughuli nyingine kabisa.

Chukua Fatherland ya Mwingereza Robert Harris, iliyotoka 1992. Ni Berlin mwaka 1964, Ujerumani ilishinda vita na Hitler anakaribia kutimiza miaka 75. Mpelelezi mmoja anafuatilia kifo cha mzee mkubwa wa chama, na nyayo zinampeleka kwenye kikao cha Wannsee cha Januari 20, 1942. Sasa, kikao hicho hakikubuniwa. Maofisa wa Kinazi walikaa kweli mezani wakapanga namna ya kuwamaliza Wayahudi wa Ulaya. Harris amegeuza matokeo ya vita, uovu wenyewe akauacha ulivyokuwa. Kinachotisha ni kuona jinsi mshindi ambavyo angeweza kuufukia.

The Man in the High Castle ya Mmarekani Philip K. Dick (1962) inasifiwa kuliko hiyo. Mimi iliniudhi. Humo Wanazi wameangamiza watu wa Afrika, na habari hiyo inapita kwa maneno machache tu, wahusika wanaendelea na biashara yao ya vitu vya kale San Francisco. Utasema Dick alitaka kuonyesha watu walivyozoea unyama. Sawa, lakini bara zima jamani! Tanganyika ilikuwa koloni la Wajerumani, na miaka ya 1930 Hitler alikuwa akidai arudishiwe makoloni. Kwetu "ingekuwaje" hiyo haikuwa mbali.

Vitabu vya historia navyo huboa pale mwandishi anapomjua mshindi tangu ukurasa wa kwanza. Maji Maji tumesimuliwa hivyo mara ngapi? Walikunywa dawa, wakaamini risasi zitageuka maji, wakafa. Basi. Lakini Julai 1905 kule Umatumbi watu walianza kwa kung'oa pamba, na wazee waliohojiwa na wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 walieleza vizuri sana habari za shamba la lazima na viboko. Ukisoma hayo, unaona watu wanaopima na kuamua, hawajui kesho itakuwaje.

Riwaya ya "ingekuwaje" ya Maji Maji ningeinunua hata leo. Ila mwandishi asianze na risasi zilizogeuka maji. Aanze na pamba.