Viini Vilivyofungwa vya Phenom II

Mapema mwaka 2009 kampuni ya AMD ya Marekani iliuza prosesa ya Phenom II X3 720, yenye viini vitatu. Ndani ya silikoni yake, hata hivyo, vilikuwamo vinne. Kutengeneza kipande kimoja cha aina moja na kukiuza kwa majina tofauti kulikuwa nafuu kuliko kubuni vipande viwili. Kiini kikionekana kibovu kwenye majaribio, kilizimwa na prosesa ikashushwa bei. Wateja wa bei ya chini walipozidi, viini vizima navyo vilizimwa.

Ufunguo ulipatikana mahali pasipotarajiwa. Baadhi ya bao mama zenye chipu ya SB750 zilikuwa na mpangilio wa BIOS ulioitwa Advanced Clock Calibration, uliokusudiwa kusaidia prosesa kukimbizwa kupita kasi yake ya kawaida. Ulipowashwa, kiini cha nne kiliamka. Phenom II X2 550 ya Juni mwaka huohuo, yenye viini viwili, nayo iliweza kugeuka ya vinne.

Ilikuwa bahati nasibu. Kiini kibovu kweli kiliigandisha kompyuta, au ikakataa kabisa kuwaka. Na hata pale ufunguzi ulipofaulu, vipimo vya joto la viini mara nyingi vilipotea.

Chipu ya SB850 ya mwaka 2010 ilikuja bila mpangilio huo. Watengenezaji wa bao mama, waliokwisha kuonja biashara yake, wakaweka njia zao wenyewe: ASUS iliiita yake Core Unlocker.