Sala Wakati wa Hofu: Funzo Kutoka Rusizi

Katika makala haya tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo kila mwalimu wa historia atakutana nalo siku moja darasani. Kwa nini binadamu anapojawa na hofu huuelekeza moyo wake kwa Mungu, na je, sala hiyo humfaa nini? Hatutalijibu swali hili kama wanatheolojia, kwa maana hiyo si kazi yetu. Tutalitazama kwa jicho la historia, na kwa ajili hiyo tumechagua mahali pamoja: Rusizi, nchi ambayo kwa muda mrefu iliitwa Cyangugu, katika pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda, pale Ziwa Kivu linapoyamwaga maji yake katika mto Rusizi na mji wa Bukavu unapoonekana ng'ambo. Msomaji wa Kiswahili si mgeni huko. Lugha yetu husikika katika masoko ya Kamembe na Bugarama, na tangu mwaka 2017 Rwanda imekitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba sala haikuletwa Rusizi na wageni. Kabla ya misheni yoyote kujengwa, Wanyarwanda walimjua Imana, yaani Mungu, muumba wa vyote. Methali yao mashuhuri husema kwamba Imana hushinda kutwa mahali pengine lakini usiku hurudi kulala Rwanda. Wazazi waliwapa watoto majina yaliyokuwa sala fupi: Hakizimana, yaani Mungu ndiye aponyaye, Nsengimana, yaani namwomba Mungu. Ugonjwa au ukame ulipoingia, watu walitambika kwa wahenga wao, na wengine walikuwa wafuasi wa ibada ya Ryangombe. Kwa hiyo wamisionari hawakukuta watu wasiojua kuomba. Walikuta watu walioomba kwa njia nyingine.

Mapadri Weupe walifika Mibirizi mwishoni mwa mwaka 1903, miaka mitatu baada ya wenzao kufungua misheni ya kwanza ya Rwanda huko Save. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Wajerumani. Wanahistoria wengi wamekwisha kueleza kwamba baadhi ya watu wa kwanza kuzikaribia misheni walikuwa wanyonge waliolemewa na kazi za lazima na madai ya watemi. Kwao padri alionekana kuwa mlinzi mpya, na misheni ilionekana kuwa boma. Tangu mwanzo, basi, mambo mawili yalifungamana katika fikra za watu: sala inayoutuliza moyo, na ukuta unaoulinda mwili. Tunamwomba msomaji auweke moyoni ufungamano huu, kwa sababu ndio ufunguo wa yote yanayofuata.

Si kila mtu aliyeingia katika boma hilo. Mnamo Novemba 1931 Wabelgiji walimwondoa madarakani Mwami Yuhi V Musinga, nao wakampeleka uhamishoni Kamembe, papa hapa Rusizi. Alikaa huko mpaka mwaka 1940, ndipo alipohamishiwa Kongo, na huko akafia. Musinga hakukubali kubatizwa. Katika miaka hiyohiyo, nchini kote, watu walikuwa wakimiminika katika mafundisho ya dini kwa maelfu, wengi wao wakifuata mfano wa watemi na wa mwami mpya, Mutara III Rudahigwa, mwana wa Musinga mwenyewe. Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka Rwanda chini ya Kristo Mfalme. Mwaka 1940, mwaka ule ule Musinga alipoondoka Kamembe, wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden walianzisha kazi yao Gihundwe, jirani kabisa na hapo. Hivyo Rusizi ikawa na rozari ya Wakatoliki, na ikawa pia na mikesha na mifungo ya Wapentekoste.

Hofu kubwa ya zama za karibuni ilianza mwaka 1959. Katika machafuko ya mwaka huo na ya miaka iliyofuata, Watutsi wengi waliuawa na wengine wakachomewa nyumba. Waliobaki walikimbia, ama nje ya mipaka ama kwenye misheni iliyokuwa karibu. Mambo kama hayo yalirudi mwaka 1963 na mwaka 1973. Katika vipindi hivyo vyote, wengi waliofika kanisani walisalimika, kwa kuwa wauaji walisita kuvuka kizingiti cha nyumba ya Mungu. Ndipo wazazi walipowafundisha watoto wao neno moja: siku ya hatari, kimbilieni kanisani. Neno hilo halikuwa ndoto wala ushirikina, bali lilitokana na mambo waliyoyaona kwa macho yao.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana ilidunguliwa Kigali, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Katika prefektura ya Cyangugu watu walifanya kama walivyofundishwa. Walikimbilia Mibirizi, Shangi, Nyamasheke na kanisa kuu la Cyangugu. Walichukua mikeka, masufuria, watoto na rozari. Walionusurika katika makanisa mengi ya Rwanda wameeleza kwamba ndani yake watu walisali mchana na usiku. Walimwomba Mungu awaokoe. Na wengine, walipoona hakuna njia, walimwomba awapokee.

Safari hii kizingiti hakikumzuia mtu. Tarehe 15 Aprili waliokuwa katika kanisa kuu walihamishiwa kwenye uwanja wa Kamarampaka. Uwanja huo una jina la kura ya maoni ya mwaka 1961 iliyouondoa ufalme. Siku iliyofuata baadhi yao waliitwa kwa majina, wakatolewa, wakauawa. Tarehe 29 Aprili wanamgambo wakiongozwa na Yusuf Munyakazi wa Bugarama waliishambulia parokia ya Shangi, na kesho yake wakaishambulia parokia ya Mibirizi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokuwa na makao yake Arusha, ilimtia Munyakazi hatiani mwaka 2010 na kumhukumu kifungo cha miaka 25. Rufaa yake ilikataliwa mwaka 2011. Shangi peke yake maelfu ya watu waliuawa, ndani ya parokia waliyokuwa wakisalia kila Jumapili.

Waliobaki katika uwanja wa Kamarampaka walipelekwa mwezi Mei kwenye kambi ya Nyarushishi, juu ya vilima vya chai. Zaidi ya watu 8,000 walikusanyika hapo. Nao pia walisali. Nao pia walizungukwa na wanamgambo waliotaka kuwamaliza. Lakini askari jandarma waliowekwa kuilinda kambi waliwazuia washambuliaji, Msalaba Mwekundu ukaleta msaada, na tarehe 23 Juni majeshi ya Ufaransa yakafika. Watu wa Nyarushishi, walio wengi, wakapona.

Hapa ndipo mwalimu anapopaswa kusimama na kutafakari. Mwanafunzi hodari atauliza: Je, Mungu aliwasikia wa Nyarushishi, akawaziba masikio wa Shangi? Tumesikia majibu mawili yakitolewa haraka haraka, na yote mawili hayafai.

Jibu la kwanza husema kwamba waliopona walipona kwa kuwa waliomba kwa imani. Jibu hili ni tamu masikioni, lakini linawadhulumu marehemu. Maana yake, tukilifuata hadi mwisho, ni kwamba mama aliyeuawa Shangi na rozari mkononi hakuomba vya kutosha. Hakuna ushahidi wowote wa kihistoria unaoturuhusu kusema hivyo. Tunalojua ni kwamba huku na huko watu waliomba, na kwamba mahali pamoja kulikuwa na askari waliotimiza wajibu wao, na mahali pengine hawakuwako au walikuwa upande wa wauaji. Mahakama ya Arusha ilimtia hatiani pia aliyekuwa kamanda wa kambi ya jeshi ya Cyangugu. Tofauti kati ya Shangi na Nyarushishi ilitokana na vitendo vya wanadamu, nao ndio wanaopaswa kuulizwa.

Jibu la pili husema kwamba sala ilikuwa bure, kwamba mfa maji haachi kutapatapa. Jibu hili nalo ni jepesi mno. Linadhani kuwa mtu huomba kwa sababu moja tu, nayo ni kuuokoa mwili. Lakini tuwatazame watu wale. Waliambiwa na redio, na barua, na vipaza sauti, kwamba wao ni nyoka na mende. Ndani ya kanisa waliitana kwa majina yao ya ubatizo, wakawatuliza watoto, wakagawana maji kidogo yaliyokuwapo, wakasema kwa pamoja maneno waliyoyajua tangu utotoni. Kwa kufanya hivyo walikataa kuwa kile walichoitwa. Waliokusudia kuwafuta walikuta watu ambao mpaka mwisho walikuwa bado ni watu. Hilo si jambo dogo katika historia ya binadamu.

Wala tusifiche upande wa pili wa habari. Katika sensa ya mwaka 1991 karibu watu tisa katika kila kumi nchini Rwanda walijitambulisha kuwa Wakristo. Kwa hiyo wengi wa wauaji nao walikuwa wamebatizwa, nao waliijua sala ya Baba Yetu kwa moyo. Hofu nao walikuwa nayo, hofu iliyopandwa na wanasiasa kwamba jirani yao atawameza. Hofu hiyo hawakuipeleka mbele za Mungu ipimwe. Waliipeleka kwenye panga. Ndiyo kusema kwamba kuyajua maneno ya sala si sawa na kuomba. Mwezi Novemba 2016 maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba radhi kwa ajili ya Wakristo walioshiriki mauaji, na mwezi Machi 2017 Papa Fransisko, alipompokea Rais Kagame Vatikani, aliomba msamaha wa Mungu kwa ajili ya dhambi za Kanisa na za watu wake.

Baada ya mwaka 1994 Rusizi ilikuwa na hofu ya aina nyingine. Aliyenusurika aliogopa kuishi tena jirani na aliyemwulia watoto. Aliyeua aliogopa kurudi kutoka gerezani. Mahakama za gacaca, zilizofungwa rasmi mwezi Juni 2012, zilitoa hukumu, lakini hukumu haikuweza kuondoa hofu zote. Katika parokia ya Mushaka, jimbo la Cyangugu, Padri Ubald Rugirangoga alianza njia yake. Mtu huyu aliyajua majonzi: baba yake aliuawa katika machafuko ya miaka ya sitini, na mwaka 1994 aliuawa mama yake pamoja na jamaa zake wengi. Alimsamehe aliyehusika na kifo cha mama yake, akawasaidia watoto wa mtu huyo kusoma. Huko Mushaka aliyeshiriki mauaji hakurudishwa kwenye sakramenti kwa kutikisa kichwa tu. Alipaswa kufundishwa kwa miezi, kukiri mbele ya watu, na kumwomba msamaha yule aliyemkosea, uso kwa uso. Padri Ubald alifariki Marekani mwezi Januari 2021, lakini kazi hiyo ilikwisha kuota mizizi.

Tazameni jinsi sala ilivyobadilika. Watu wa misheni ya kale waliomba wakitazama ukuta uwalinde. Watu wa Mushaka waliomba bila ukuta wowote, wakitafuta nguvu ya kumtazama jirani machoni. Hofu ilikuwa ile ile, lakini mwombaji hakungoja tu kuokolewa. Alijitwika kazi.

Na kama yuko bado anayefikiri kwamba kuta za kanisa ni ngao, tumkumbushe Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008. Asubuhi ya siku hiyo, watu wakiwa ibadani, tetemeko la ardhi liliipiga Rusizi na Nyamasheke pamoja na Bukavu, na miongoni mwa zaidi ya watu 30 waliokufa upande wa Rwanda wamo waliokuwa wakisali kanisani lilipoporomoka. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema kwamba imani yao ilikuwa haba. Tofali halijui imani ya mtu.

Walimu wenzetu, somo hili lina uzito, na wengine kati ya wanafunzi wetu ni watoto au wajukuu wa waliokuwa ndani ya makanisa yale, na wengine ni wa waliokuwa nje. Basi tuwe waangalifu wa maneno. Mtoto aliyepotewa na jamaa zake asisikie kamwe kutoka kwetu kwamba wake hawakuomba vizuri. Wala mtoto wa mcha Mungu asisikie kwamba bibi yake alikuwa mjinga kushika rozari. Tuwafundishe wote kuuliza maswali yaliyo ya historia: ni nani aliyetoa amri, ni nani aliyetii, ni nani aliyekataa? Sala ya aliye katika hofu tuipe heshima yake, na ulinzi wa maisha yake tuuweke pale unapostahili, yaani mikononi mwa watu, wa serikali na wa mtaani, ambao siku ya hatari hawatakuwa na udhuru wa kusema kwamba walimwachia Mungu.