Mahekalu ya Jabali Moja

Katika nchi ya Bukima, kando ya Ziwa Viktoria mkoani Mara, majabali makubwa ya itale yamesimama mashambani na ufuoni, mengine yamebebana kana kwamba yalipangwa kwa mkono. Umri wa itale ya upande huo wapita miaka milioni 2,500. Wenyeji huanika dagaa juu ya majabali na kupumzika vivulini mwake, na apasuaye jiwe kwa nyundo ajua vema jinsi lilivyo gumu. Jiwe la jamii hiyohiyo lapatikana Mamallapuram, katika pwani ya kusini-mashariki ya Bara Hindi. Na huko, zaidi ya miaka 1,300 iliyopita, watu waliligeuza jabali zima kuwa nyumba ya ibada.

Kazi hiyo aghalabu huhesabiwa kuwa ilistawi zama za Narasimhavarman wa Kwanza, mfalme wa ukoo wa Pallava, aliyetawala tangu yapata mwaka 630 hadi 668. Mashuhuri miongoni mwa majengo hayo ni mahekalu matano yaliyopewa baadaye majina ya mashujaa wa Mahabharata na mke wao Draupadi. Hekalu la namna hii halikujengwa kwa mawe yaliyopangwa: ukuta, nguzo na paa vyote ni jiwe moja lisilo na kiungo.

Kubwa kupita yote ni Kailasa, huko Ellora, magharibi ya Bara Hindi, ambako mapango 34 yalichimbwa katika kilima cha basalti, jiwe jeusi la volkeno. Kati ya mapango hayo 17 ni ya Wahindu, 12 ya Wabuddha na 5 ya Wajaini. Kailasa limepewa jina la mlima utajwao kuwa makao ya Shiva, na huhesabiwa kuwa kazi ya zama za Krishna wa Kwanza, mfalme wa ukoo wa Rashtrakuta, katika karne ya 8. Mafundi walianza juu ya kilima, wakachimba mitaro mitatu mirefu hata likabaki bonge la jiwe katikati. Kisha wakalichonga bonge hilo kutoka kileleni kushuka chini. Shimo walilolifanya lina urefu wa mita 80 hivi, na ukuta wake wa nyuma wafikia kimo cha mita 30 hivi.

Njia ya kuanzia juu ilikuwa na faida yake. Fundi alisimama juu ya mwamba ambao haujachongwa bado, asihitaji jukwaa la miti. Walakini ilikuwa na hatari yake pia. Mwashi wa Kilwa au Lamu alilichonga tumbawe lingali bichi na laini, limetoka baharini. Likivunjika, alichukua jingine. Mchongaji wa Ellora hakuwa na jingine. Pembe ya nguzo ikimeguka, haikurudi. Kwa hiyo umbo zima la hekalu, hata ngazi za chini kabisa, lilipaswa kufikiriwa kabla nyundo haijapiga kilele.

Basi ni nani waliofikiri hivyo? Maandishi hayatoi jibu la kutosha. Bamba la shaba la ukoo wa Rashtrakuta, la miaka ya 812 na 813, lalitaja hekalu la ajabu la Krishna, likisema kwamba hata aliyelijenga alistaajabia kazi yake. Lakini fundi huyo hakutajwa jina. Katika pango kuu la Elephanta, kisiwa kilicho karibu na Mumbai, palikuwa na jiwe lenye maandishi. Kwa habari ya Diogo do Couto, Wareno waliling'oa katika karne ya 16, likapelekwa Ureno, nalo likapotea. Mwaka 1563 Garcia da Orta aliandika kwamba wako watu wasemao pango hilo ni kazi ya Wachina. Huko Lalibela, Uhabeshi, yaliko makanisa 11 yaliyochongwa katika mwamba, hadithi yasimulia kuwa malaika walifanya kazi usiku wanadamu walipolala.

Iwapo sifa yapewa mfalme, mgeni au malaika, mwenye tindo husahauliwa. Lakini hao mafundi waliacha ushahidi wao wenyewe, nao wapatikana mahali ambapo kazi haikukamilika. Katika baadhi ya mahekalu ya Mamallapuram paa limetimia, lina nakshi zake zote, ilhali sehemu ya chini ingali jiwe ghafi. Katika mapango yasiyokwisha huonekana mifereji iliyokatwa kwa mistari ya miraba, na vipande vya katikati vikisubiri kubanduliwa kimoja kimoja. Hapo mtu aona mpango, kipimo na zamu ya kazi. Aona pia mahali mkono ulipokoma. Mambo hayo si ya malaika wala ya mfalme aliyeketi mbali.

Wanafunzi wa historia huzoea kutafuta maarifa katika hati, na palipokosekana hati hudhani pamekosekana habari. Mahekalu haya yafundisha kinyume chake. Nakshi iliyotimia huwasifu walioiagiza. Jiwe lililoachwa katikati ya kazi lamshuhudia aliyeshika tindo.