Klachi ya Land Rover: Maradhi Yake na Matengenezo Yake

Klachi ni kiungo kilichowekwa baina ya injini na giaboksi, ambacho kazi yake ni kuufikisha mzunguko wa injini kwenye magurudumu wakati dereva atakapo, na kuukata wakati atakapo kubadili gia au kusimama. Katika gari la mjini kiungo hiki huweza kudumu miaka mingi pasipo mtu kukikumbuka. Lakini katika gari la porini, ambalo hupitishwa mchangani, matopeni, mitoni na juu ya majabali, klachi ndiyo ibebayo mashaka yote ya njia, kwa kuwa kila gari linapokwama na dereva akalilazimisha kutoka, nguvu za injini zilizokosa pa kwenda hugeuka kuwa joto, na joto hilo huishia juu ya pleti moja nyembamba. Makala haya yanaihusu klachi ya Land Rover, gari lililoonyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na ambalo watu wa bara na pwani ya Afrika Mashariki wamelizoea kiasi cha kutohitaji kuelezwa umbo lake. Walakini mengi yatakayosemwa hapa yanalifaa pia Toyota Land Cruiser na magari mengine ya jinsi hiyo.

Umbile lake si gumu kulifahamu. Nyuma ya krenkshafti ya injini imefungwa flaiwili, gurudumu zito la chuma; nyuma ya flaiwili hukaa pleti, iliyogandishwa ngozi ya msuguano pande zote mbili na ambayo kitovu chake chenye meno kimevaa shafti ya mbele ya giaboksi; na nyuma ya pleti hukaa presha pleti, ambayo springi zake huibana pleti juu ya flaiwili hata vitatu hivyo vikazunguka kama kitu kimoja. Dereva akanyagapo pedeli, beringi ya kuachia, ambayo mafundi huiita rilizi, husukumwa mbele na uma wa chuma, nazo springi zikalegeza mbano wake. Land Rover za mwanzo zilikuwa na pleti ya inchi 9 na springi nyingi za kujiviringa, na pedeli yake iliuvuta uma kwa fito na mikono ya chuma. Series II, iliyotoka mwaka 1958, ikaleta nguvu ya mafuta, yaani silinda ya juu, au masta, iliyo kwenye pedeli, na silinda ya chini iliyo kwenye giaboksi. Na Series III ya mwaka 1971 ikawa na pleti ya inchi 9.5 pamoja na springi moja bapa yenye umbo la sahani. Fundi asiyejua ni ipi kati ya hizi iliyo mbele yake atatafuta silinda pasipo silinda, au atalegeza fito pasipo fito.

Kosa kubwa katika kazi hii, na ambalo limewatia hasara wenye magari wengi kuliko uchakavu wenyewe, ni kuishusha giaboksi kabla ya kujua ni kwa nini inashushwa. Pleti iliyoungua ni dalili. Maradhi yenyewe aghalabu yako mahali pengine, ama kwenye sili inayovuja, ama kwenye silinda, ama kwenye mguu wa dereva, na pleti mpya ikitiwa juu ya maradhi ya kale itaungua vilevile. Niliwahi kuiona Land Rover iliyobadilishwa pleti mara mbili katika muda wa mwezi mmoja, na kila mara mafuta ya injini yalikuwa yakidondoka juu ya flaiwili kutoka kwenye sili ya nyuma ya krenkshafti, ambayo hakuna aliyeitazama ilhali ilikuwa wazi mbele ya macho ya kila aliyeishika spana. Thamani ya sili ile haikuwa hata sehemu ndogo ya thamani ya pleti moja.

Maradhi ya kwanza ni kuteleza. Dalili yake ni injini kupandisha sauti kilimani ilhali mwendo wa gari hauongezeki, kisha kuja harufu kali ya kuungua ambayo aliyeinusa mara moja haisahau. Ili kupata yakini, gari lisimamishwe mahali tambarare, magurudumu yawekewe mawe, dereva akanyage breki ya mguu kwa nguvu, atie gia ya nne na kuiachia klachi taratibu: injini ikizimika papo hapo, klachi ingali inashika, ikiendelea kuvuma, inateleza. Jaribio hili lifanywe mara moja tu, kwa maana kulirudia ni kuumaliza uhai uliosalia. Wala isitegemewe breki ya mkono, ambayo katika Land Rover haishiki magurudumu bali hushika propela nyuma ya giaboksi, na haikuundwa kwa mateso ya namna hiyo. Klachi inayoteleza huenda imelika, au springi zake zimelegea kwa joto, au imeingiwa na mafuta; lakini kabla ya kuamua hayo, na itazamwe pedeli. Kati ya fito ya pedeli na pistoni ya masta sharti uwepo mwanya wa yapata milimita 1.5, na pedeli yenyewe iwe juu ya sakafu kwa yapata milimita 140. Mwanya huo ukikosekana, pistoni hairudi hadi mwisho, tundu la kurudishia mafuta hubaki limezibwa, na kadiri mafuta yanavyopata joto ndivyo yanavyoisukuma rilizi pasipo mtu kuigusa pedeli. Gari la namna hii huondoka nyumbani asubuhi likiwa zima na adhuhuri likashindwa mlima, na nati moja ikilegezwa hupona.

Kuhusu mafuta, Land Rover ina jambo ambalo yafaa lijulikane na kila mwenye nayo. Chini ya nyumba ya klachi liko tundu dogo, na pamoja na gari hutolewa kizibo cha skrubu, ambacho hufungwa katika tundu hilo kabla ya kuvuka mto ili maji na matope yasiingie, na hufunguliwa baada ya kuvuka ili chochote kilichojikusanya ndani kipate njia ya kutoka. Wengi hukifunga wakasahau, na wengine wamekifunga kwa makusudi ili kulificha tone linalowachafulia sakafu. Na hao hujidhuru, kwa sababu tone lile ndilo shahidi wa pekee anayesema kutoka ndani pasipo chochote kufunguliwa. Mtu na alikinge tone kwa karatasi nyeupe, alitazame na alinuse. Likiwa jeusi na lenye harufu ya moshi, ni mafuta ya injini, na sili ya nyuma ya krenkshafti imechoka. Likiwa zito na lenye harufu ya kiberiti, ni mafuta ya gia, yametoka kwenye sili ya shafti ya mbele ya giaboksi. Na katika giaboksi za miaka ya baadaye, zinazotumia mafuta mepesi mekundu, wekundu wenyewe hutoa ushahidi. Pleti iliyokwisha kunywa mafuta haioshwi kwa petroli ikawa nzima: ngozi yake imeyafyonza, na joto la kwanza huyatoa tena juu.

Maradhi ya pili ni klachi isiyokata, nayo hujulikana kwa gia kugoma au kulia wakati wa kuingia, hasa gia ya nyuma. Akanyage dereva pedeli hadi mwisho, angoje sekunde kadhaa, kisha atie gia ya nyuma: ikilia baada ya kungojwa hivyo, pleti ingali inazungushwa. Hapa sharti tuwaonye mafundi vijana waliolelewa na magari mapya, ya kuwa giaboksi za Series II na IIA hazina visawazisho vya mwendo kwenye gia ya kwanza na ya pili, na gia hizo hulia mkononi mwa asiyejua kuzitia hata kama klachi ni mpya kabisa. Series III ndiyo iliyokuja na visawazisho kwenye gia zote nne. Magari yaliyofunguliwa bure kwa kutojua tofauti hii si machache.

Uchunguzi wa klachi isiyokata huanzia juu na kushuka chini. Itazamwe kwanza chupa ya mafuta: ikiwa imepungua, yamekwenda wapi? Mpira wa masta uliochoka huyapitisha mafuta kando ya pistoni, yakateremka kwenye pedeli hata kiatu cha dereva kikalowa. Mpira wa silinda ya chini uliochoka huyamwaga ndani ya kifuniko chake cha vumbi, nayo huonekana kifuniko hicho kikivutwa kwa ncha ya kidole. Pedeli inayolegea, kisha ikapata nguvu ikikanyagwa mara tatu au nne mfululizo, ina upepo ndani ya mfereji wake. Kuutoa upepo huo katika Land Rover kunahitaji subira, na njia iliyo bora ni kuisukuma pistoni ya silinda ya chini hadi mwisho na kuizuia hapo ili nafasi ya upepo kujificha iwe ndogo, ndipo skrubu ya kutolea upepo ifunguliwe na kufungwa kwa kila mkanyago, mpira wa kutolea ukiwa umezama katika chupa ya mafuta safi. Yatumike mafuta ya breki ya kopo lililofunguliwa siku hiyo, kwa kuwa mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewa, na hewa ya pwani haina uhaba wa unyevu. Na ole wake atiaye mafuta ya injini humo, kwani mipira yote itavimba na kuharibika.

Ikiwa mafuta na silinda zote ni salama, msaidizi na akanyage pedeli huku fundi akiwa chini, aangalie fito ya silinda inakwenda umbali gani. Fito ikienda vema na klachi isikate, hitilafu iko ndani. Katika Series II na IIA hutazamwa pini za kiungo kinachoungana na shafti ya uma, ambazo hulika hadi mwendo wote wa pedeli ukapotelea katika mashimo yaliyopanuka. Katika Defender, jina lililoanza kutumika mwaka 1990, mtuhumiwa wa kwanza ni uma wenyewe, uliofanyizwa kwa bati la chuma lililokunjwa, nao hutoboka pale unapokalia mhimili wake. Pedeli hulegea ghafula na dereva hudhani masta imekufa. Uma uliotiwa bati la pili mahali hapo hupatikana, na asiyeufunga akiwa tayari ameishusha giaboksi amejiwekea kazi ya kesho. Na gari lililolala miezi mingi mahali pa chumvi, mathalan Pangani au Kilwa, pleti yake huweza kushikana na flaiwili kwa kutu. Pleti hiyo mara nyingi huachana na flaiwili injini ikishapashwa joto, kisha pedeli ikakanyagwa na gari likasukumwa mbele na nyuma likiwa kwenye gia, injini ikiwa imezimwa.

Kelele nazo zina lugha yake. Sauti inayokuja pedeli ikikanyagwa ni ya rilizi. Inayokuwapo pedeli ikiwa juu na kutoweka ikikanyagwa ni ya beringi ya mbele ya giaboksi. Na mlio mwembamba unaosikika gari likiwa kwenye gia, pedeli ikiwa chini kabisa, hutoka kwenye bushi ya shaba iliyo mwishoni mwa krenkshafti. Kutetemeka wakati wa kuondoka huletwa na mafuta juu ya pleti, au na mipira ya kukalia injini iliyokatika, na hii ya pili hutengenezwa pasipo kuigusa klachi.

Ikishathibitika kwamba hakuna budi kufungua, betri ikatwe waya kwanza. Katika Land Rover za Series, giaboksi hutolewa ndani ya gari: sakafu na sanduku la viti hung'olewa, kisha mzigo huinuliwa kwa mnyororo na kupitishwa mlangoni, katika Defender huteremshwa chini kwa jeki, na kamwe mtu asilale chini ya mzigo ule ukiwa juu ya jeki peke yake. Vumbi la ndani lisipulizwe kwa upepo wala kwa kinywa. Pleti za zamani zilifanywa kwa asbesto, ambayo unga wake huingia mapafuni na kuua baada ya miaka mingi. Uingereza yenyewe, nchi iliyoliunda gari hili, ilimaliza kuipiga marufuku mwaka 1999, na masalio yake yangalimo katika magari ya kale. Vumbi lilowanishwe kwa maji na kufutwa kwa kitambaa cha kutupa. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimewaona vijana wakilipuliza na kucheka.

Flaiwili yenye madoa ya buluu au nyufa ipelekwe kwa mchongaji, isipokuwa ile ya injini ya Td5 ya mwaka 1998 na kuendelea, ambayo ni ya vipande viwili na haichongwi. Pleti, presha pleti na rilizi zibadilishwe pamoja, pamoja na sili iliyoshukiwa na bushi ya shaba. Bushi hutoka kwa hila nyepesi: tundu lake hujazwa grisi, hutiwa fimbo ya chuma inayolingana nalo, na nyundo ikipigwa grisi huisukuma bushi nje, ile mpya ilowekwe katika mafuta ya injini siku nzima kabla ya kutiwa. Pleti huwekwa upande wake uliokusudiwa, na kitovu chake huelekezwa katikati kwa shafti ya kale au kwa mti uliochongwa kwa kipimo, ndipo bolti zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana. Meno ya shafti yapakwe grisi chembe tu, kwa kuwa inayozidi hurushwa juu ya ngozi mpya.

Pleti mpya hudumu kwa kadiri dereva anavyoitumia giaboksi ya pili, yaani ile ndogo iliyo nyuma ya giaboksi kubwa, yenye gia za juu na gia za chini. Katika Defender giaboksi hiyo ina uwiano wa 1.41 kwa gia za juu na 3.32 kwa gia za chini, maana yake ni kwamba anayelitoa gari matopeni kwa gia za chini huipunguzia klachi zaidi ya nusu ya mzigo wake. Naye anayeona uvivu kuuvuta mkono mfupi wa giaboksi hiyo, akaegemea pedeli nusu juu nusu chini katika udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, huweza kuiunguza pleti katika alasiri moja.

Na klachi ikikatika mbali na mji, gari bado laweza kurudi. Injini izimwe, giaboksi ya pili iwekwe gia za chini na ile kubwa gia ya kwanza, mbele kukiwa wazi pasipo mtu, kisha ufunguo uzungushwe: mota ya kuwashia italisukuma gari na injini itashika likiwa tayari linakwenda. Gia hubadilishwa pasipo pedeli kwa kupunguza mafuta, kuutoa mkono wa gia katikati, na kungoja sauti ya injini ishuke hadi ilingane na mwendo. Nayo gia ikikataa isilazimishwe, bali dereva abaki katika gia aliyo nayo na kwenda polepole, akijihadhari na kusimama, mpaka alifikishe gari penye kivuli na spana.