Kampala na Phnom Penh: Majirani Walioingia kwa Silaha

Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, iliangukia mikononi mwa jeshi la Vietnam tarehe 7 Januari 1979. Miezi mitatu baadaye, 11 Aprili, Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilikuwa limeishika Kampala. Pol Pot wa Kambodia na Idi Amin wa Uganda, waliong'olewa kwa mkupuo huo, ni miongoni mwa watawala waliomwaga kwa wingi damu ya raia wao wenyewe. Waliowang'oa walikuwa majirani maskini wenye siasa ya ujamaa, na kila mmoja alisema amechokozwa. Lakini Tanzania ilikemewa kidogo yakaisha, ilhali Vietnam ilitengwa kwa miaka kumi.

Uchokozi wenyewe haukuwa wa kubuni. Mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wa Amin walivuka mpaka, wakaua, wakachoma nyumba na kuswaga ng'ombe kwa maelfu. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likalipuliwa, na kwa muda mto ukawa ndio mpaka. Kesho yake Rais Nyerere wa Tanzania alilihutubia taifa, akataja mambo matatu ambayo Watanzania wa rika lile wanayakumbuka hadi leo: uwezo, sababu na nia. Kwa Vietnam maumivu yalikuwa ya muda mrefu zaidi. Khmer Rouge, wafuasi wa Pol Pot, walivishambulia visiwa vyake tangu Mei 1975, wiki chache tu baada ya kutwaa madaraka. Aprili 1978 waliingia Ba Chuc, mji mdogo karibu na mpaka, wakaua raia zaidi ya 3,000.

Kila ugomvi, hata hivyo, ulikuwa na mizizi iliyotangulia risasi za mpakani. Milton Obote, aliyepinduliwa na Amin mwaka 1971, alipewa hifadhi Dar es Salaam, na mwaka 1972 wafuasi wake walijaribu kurudi kwa bunduki wakitokea Tanzania. Nyerere hakuwahi kuukubali utawala wa Amin. Vietnam nayo haikuweza kuvumilia jirani anayepewa silaha na China, na tarehe 3 Novemba 1978, siku moja baada ya hotuba ya Nyerere, ilitia saini mkataba wa urafiki na Muungano wa Kisovieti. Saini ile iliipa Vietnam kinga, ikaipa pia maadui ambao Tanzania haikuwa nao.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba serikali hizo mbili zilijitetea kwa hoja ileile. Hakuna iliyosimama kifua mbele kudai kwamba imevuka mpaka kuwaokoa watu wa jirani na mauaji, ingawa ushahidi ulikuwepo wa kutosha. Nyerere alisema kuna vita viwili: vya Watanzania dhidi ya mvamizi, na vya Waganda dhidi ya Amin. Wajumbe wa Vietnam walieleza karibu vivyo hivyo mbele ya Baraza la Usalama. Enzi hizo heshima ya mipaka ilikuwa ngao ya nchi changa, na aliyeitoboa kwa jina la huruma angeweza kutobolewa kesho kwa jina hilohilo.

Hoja ya vita viwili ilihitaji wenyeji wa kuibeba. Vietnam ilikuwa na Umoja wa Wakambodia waliompinga Pol Pot, uliotangazwa Snuol mwezi Desemba 1978 chini ya Heng Samrin, ndani ya eneo lililokuwa tayari mikononi mwa jeshi la Vietnam. Waganda walikutana Moshi Machi 1979, wakabishana kwelikweli, wakamchagua Yusuf Lule awaongoze. Obote, rafiki wa Nyerere, hakuwepo mkutanoni. Tanzania ilikuwa na mkono wake humo, lakini Moshi palikuwa na nafasi ya kukataa, jambo ambalo siwezi kulisema kwa urahisi kuhusu Snuol.

Mataifa mengine nayo yaliingilia. Libya ilileta askari kumsaidia Amin, wakapigwa Lukaya na kwingineko. China yenyewe iliivamia Vietnam tarehe 17 Februari. Pale Monrovia, Julai 1979, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania mbele ya wakuu wa Afrika, na aliyesimama kuitetea alikuwa Rais wa Uganda mwenyewe, Godfrey Binaisa, aliyekwisha kumrithi Lule. Vietnam haikupata mtetezi wa namna hiyo New York. Septemba mwaka huohuo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikiacha kiti cha Kambodia kwa serikali iliyopinduliwa, kwa kura 71 dhidi ya 35. Kufikia wakati huo ulimwengu ulikwishajua habari za Tuol Sleng, shule iliyogeuzwa gereza, ambako wafungwa walipigwa picha kabla ya kuteswa na kuuawa.

Baada ya ushindi njia ziliachana. Vietnam ilikaa hadi Septemba 1989, ikajenga chama na utumishi wa serikali, na Hun Sen aliyetokana na mpango huo akatawala kwa miongo. Wakambodia wengine huiita 7 Januari siku ya kuzaliwa upya, wengine mwanzo wa kukaliwa. Tanzania iliondoa majeshi yake kufikia 1981, na wale ambao Kampala iliwapokea kama wakombozi walikuwa wameanza kuchokwa. Lule alidumu siku 68, Binaisa akaondolewa Mei 1980, Obote akarudi madarakani Desemba kwa uchaguzi uliolalamikiwa, na vita vya Luweero vikafuata. Nyumbani nako Nyerere aliwaomba wananchi miezi 18 ya kufunga mkanda, ikapita, na foleni za sukari na sabuni zikabaki palepale. Kukaa sana kulizaa serikali imara isiyoachia madaraka. Kuondoka mapema kuliwaachia Waganda uhuru pamoja na silaha nyingi mno. Sioni ni kwa mizani gani mtu angepima lipi lilikuwa na nafuu.

Amin alifia Jeddah mwaka 2003 bila kufikishwa mahakamani. Pol Pot alikufa 1998 akiwa msituni. Khieu Samphan wa Khmer Rouge, aliyesimamia mambo ya nje ya muungano ulioshikilia kiti kile New York tangu 1982, alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari mwaka 2018, na mahakama iliyoundwa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa.