Laini ya simu kwa jina lako: mwanzo wa biashara ya kidijitali Kasulu na Kibondo

Kwa mama auzaye maharage sokoni Kasulu, au kijana auzaye asali mjini Kibondo, ujuzi wa kidijitali hauanzii kwenye kompyuta. Unaanzia kwenye laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Tunalitanguliza jambo hili kwa kuwa wengi hulidharau, na hasara yake huonekana baadaye sana.

Usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA ulianza nchini tarehe 1 Mei 2019, na laini zisizohakikiwa zikaanza kufungwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Katika wilaya za mpakani, ambako uhakiki wa uraia huweza kuchukua muda, wapo waliojisaidia kwa laini ya mume, ya mtoto au ya jirani, na baadhi wangali wakifanya hivyo hata leo. Biashara inakwenda, fedha zinaingia. Lakini mbele ya kampuni ya simu fedha hizo ni za mwenye jina. Akihama, mkigombana au akifariki dunia, mtaji wa mama unaweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya mali ya mtu mwingine, na pengine utadaiwa kupitia msimamizi wa mirathi. Aidha, miamala ya miaka mitatu, ambayo ingemtetea mama huyo alipoomba mkopo, inamjengea sifa mtu asiyewahi kupima hata kilo moja ya maharage.

Ili kujua ni laini zipi zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, bonyeza *106# na ufuate maelekezo. Hata simu ya kitochi inatosha, wala haihitaji intaneti. Ukikuta namba usiyoitambua, nenda kwa mtoa huduma ili iondolewe, kwa maana likitendeka kosa kupitia laini hiyo, wewe ndiwe utakayeulizwa.

Hatua inayofuata ni namba ya malipo ya biashara, ambayo wengi tunaiita lipa namba. Faida yake ni kutenganisha fedha za duka na fedha za nyumbani. Mteja anapolipa huliona jina la biashara, na mwenye duka huweza kujua jioni ni kiasi gani kimeingia. Mfumo wa malipo ya papo kwa papo wa Benki Kuu ya Tanzania, TIPS, umeunganisha benki na mitandao ya simu, hivyo mteja na muuzaji hawalazimiki tena kuwa wa mtandao mmoja.

Kuhusu gharama, malalamiko ya wafanyabiashara yana msingi. Tozo ya Serikali iliyoanza Julai 2021 iliwaumiza wengi. Mwaka 2023 iliondolewa katika kutuma fedha lakini ikabaki katika kutoa fedha taslimu, na makato ya kampuni yapo pande zote. Kwa hiyo anayepokea kwa simu kisha akaenda kwa wakala kila jioni kutoa zote anapunguza faida yake kwa mkono wake. Ni afadhali amlipe kwa simu hiyo hiyo mwenye duka la jumla, baada ya kulinganisha makato.

Daftari lisitupwe. Simu hukumbuka fedha zilizopita ndani yake tu. Haijui debe la mahindi lililokopeshwa, wala noti zilizopokelewa mkononi. Vikundi vinavyoomba mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, vitahitaji kueleza biashara yao kwa tarakimu. Asilimia 4 ni kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi chenye daftari linalolingana na taarifa ya miamala hakihangaiki kujibu maswali.

Matapeli nao wamejifunza. Ujumbe unaodai kwamba fedha zimetumwa kwako kimakosa usikufanye urudishe chochote kabla ya kuangalia salio lako mwenyewe. Muuzaji naye asitoe mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Namba ya tapeli hutumwa bila malipo kwenda 15040.

Katika jumuiya zetu wapo wazee wasiosoma vizuri maandishi madogo ya simu, na vijana huwasaidia kwa moyo mwema. Kijana amsomee mzee maelekezo, amwonyeshe mahali pa kubonyeza, na inapofika zamu ya namba ya siri ampe simu yake mkononi na kugeuza uso.