Kiko cha Babu: Kukisafisha Bila Kukifuta

Katika sanduku za familia nyingi za mji wetu wa Kisangani kunalala kitu ambacho vijana wanakiona kama takataka tu: kiko cha zamani. Kichwa chake ni cha udongo ao cha mti, mrija umekuwa mweusi, na harufu yake inamfukuza mgeni. Sigara imechukua pahali pake, na wazee wanaovuta kiko wamebaki wachache. Siandiki hapa ili kuwarudisha watu kwenye tumbako, kwani madhara yake tunayajua. Ninataka kusema jambo moja tu: kiko cha babu kinaweza kusafishwa, lakini si kila kitu cheusi ni uchafu.

Hili nililijifunza kwa kosa langu mwenyewe. Mwezi wa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana katika mji wetu kwa siku sita, tangu tarehe 5 mpaka 10. Makombora zaidi ya 6,000 yaliangukia mji, na mamia ya raia walikufa. Sisi tulikimbia. Tuliporudi, mvua ilikuwa imeingia nyumbani na sanduku la familia lilikuwa limelowa. Ndani yake, kiko cha babu (koko, kama tunavyosema hapa kwetu) kilikuwa kimeota ukungu. Baba mukubwa akanipa nikisafishe.

Nilichukua maji ya moto, sabuni ya unga na nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Nilisugua mpaka udongo ukawa mwekundu kama wa jana. Kisha nikakianika juani, na jioni kichwa kikapasuka vipande viwili. Baba mukubwa alikipokea, akakinusa, akanyamaza kwa muda. Halafu akasema: "Mwana wangu, ukungu umetoka, ni muzuri. Lakini koko yako naye ametoka."

Tuangalie kwanza kitu chenyewe kilitoka wapi. Tumbako si mmea wa Afrika. Ulitoka Amerika, na Wareno walikuwa kati ya watu wa kwanza walioileta kwenye pwani zetu baada ya mwaka wa 1492. Kutoka pwani ulipanda polepole kwa njia za biashara, mkono kwa mkono, mpaka ndani ya msitu. Jina la Kiswahili linakumbusha safari hiyo, maana linafanana na neno la Wareno, tabaco. Lingala inasema makaya, yaani majani tu.

Mwaka wa 1870, Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea, alifika kwa mfalme Mbunza wa Wamangbetu, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Haut-Uele, kaskazini-mashariki yetu. Alikuta watu wanalima tumbako na kuivuta kwa ufundi wao wenyewe. Walitoboa mshipa wa kati wa jani la ndizi urefu wake wote, wakakunja jani lingine kama pembe, wakalijaza tumbako na kulichomeka kwenye mwisho wa mshipa. Wakubwa walikuwa na mirija ya chuma. Hiyo ilikuwa miaka saba kabla Stanley hajapita kwenye maporomoko ya Wagenia, na miaka kumi na mitano kabla ya dola ya Leopold. Basi anayesema kwamba kiko tulifundishwa na Wabelgiji anakosea. Na kwa kuwa jani la ndizi linaoza upesi, viko vya udongo na vya mti vilivyobaki ni ushahidi wa thamani.

Ushahidi huo uko hata ndani ya masizi. Huko Ethiopia, katika pango la Lalibela, walichimbua vichwa vya viko vya udongo vilivyokadiriwa kuwa vya karne ya 14. Mwaka wa 1975 mtaalamu Nikolaas van der Merwe alitangaza kwamba mabaki yaliyogandamana ndani yalikuwa na alama za bangi. Yaani watu walivuta kabla tumbako haijavuka bahari! Kama mtu angevisugua viko vile ginsi nilivyofanya mimi, nani angejua?

Sasa, kazi yenyewe ifanywe namna gani? Kwanza uliza kabla ya kugusa: kilikuwa cha nani, alikivuta wapi, na nani alikirithi. Andika majibu kwenye karatasi, si juu ya kiko, na upige picha. Pili, usitie maji. Udongo uliochomwa kwa moto mdogo unakunywa maji, na mti unavimba kisha unapasuka ukikauka. Kama kuna ukungu, funika pua, weka kiko kivulini penye upepo kikauke polepole, halafu upanguse kwa burashi laini. Tatu, masizi ya ndani yaache. Kama tundu limeziba na ni lazima kulifungua, tumia kijiti laini na ufunge mabaki katika karatasi. Nne, waya wa shaba upanguse kwa kitambaa kikavu tu. Limau na mchanga vinaula. Tano, usipake mawese wala vernisi, kwani mafuta yanashika vumbi. Na mrija uliokwama usiuvute kwa nguvu.

Kiko cha kizungu cha mzizi wa mti, kama kile cha makarani wa zamani, kina sheria yake. Anayekivuta hukwangua masizi lakini huacha ngozi nyembamba, kama milimita moja, kwa sababu ndiyo inayokinga mti na moto. Hata mvutaji anajua kwamba kusafisha si kumaliza.

Mwezi wa Februari 2022, Ubelgiji iliikabidhi serikali yetu orodha ya vitu karibu 84,000 vilivyo katika jumba la Tervuren. Ni haki yetu kudai. Lakini vile vilivyo chini ya vitanda vyetu hakuna aliyeviandika orodha, na tunaviharibu wenyewe kwa sabuni.

Vipande viwili vya kiko chetu tumevifunga katika kitambaa, pamoja na karatasi yenye jina la babu. Baba mukubwa amekwisha kufariki. Mara moja moja ninafungua kitambaa na kunusa. Ni harufu ya sabuni tu.